Tumbo la mutu anayerudi kwao

Mazungumzo ya komite ya afya mbele ya mukutano mukuu wa asosiasyo, Uvira



Komite ya afya tumeombwa kusema juu ya tumbo. Wengine walicheka waliposikia. Tumbo ni habari ya choo, na habari ya choo haisemwi mbele ya wakwe. Lakini wote munajua kwa nini tumepewa hii kazi, na tutaanzia pale pale, tusizunguke.

Mwaka jana, mwezi wa pili, tulipokea familia saba zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Boti ilipaswa kufika asubuhi. Ilifika saa moja ya usiku. Wamama wetu walikuwa wamepika tangu usiku wa mbele: wali, sombe, nyama ya mbuzi. Chakula kikakaa siku nzima ndani ya sufuria zilizofunikwa na vitambaa, kwa joto hili la Uvira munalolijua. Robine za kartiye zilikuwa kavu siku ya tatu, basi vijana wakashuka ziwani na bidoni. Tulisema tutatia klori. Hatukutia, juu chupa ilikuwa ndani ya depo na mwenye ufunguo alikuwa ameenda matanga Kiliba. Tukaimba, tukala, tukanywa. Katika siku mbili watu kumi na wane waliharisha. Siku ya ine mutoto mwanamuke wa miaka mitatu akafa.

Familia yake ilikuwa imemupa metro ya kununua kwenye famasi ya avenyu, na ikamunyima maji, juu kila akinywa alitapika na kuharisha zaidi. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulipita pale kusalimia, watu wa komite wanne kwa siku mbili, na hakuna hata mumoja aliyesema: mumupe maji yenye chumvi na sukari. Kiisha kasha letu likalipa sanduku, kitambaa na chakula cha matanga. Mama wa mutoto yuko hapa leo. Tulimuuliza kama anakubali tuseme haya mbele ya watu. Alijibu: "Museme. Lakini museme yote, hapana kuacha ile ya klori."

Tumesema.

Sasa, katika vitabu vya wanganga kuna ugonjwa unaoitwa kuharisha kwa musafiri. Ukisoma haraka utafikiri musafiri ni muzungu mwenye kofia anayekuja kuangalia sokwe. Na ni kweli, wageni wa namna ile wanaugua sana: katika safari ya majuma mawili kwenda inchi zenye shida ya maji na usafi, wasafiri kati ya 30 na 70 kwa kila 100 wanaharisha, kufuatana na inchi na majira. Lakini wanganga wanajua tena jambo lingine. Musafiri anayepata tifoide zaidi kuliko wengine si yule mwenye kofia. Ni yule anayeenda kusalimia ndugu zake. Anakaa muda murefu, analala fasi familia inalala, anakunywa maji ya familia, na mbele ya kuondoka hakupita kwa munganga kuomba chanjo ao shauri, juu kwa akili yake haendi ugenini, anaenda kwao.

Njo sisi, ndugu zetu. Sisi ni wasafiri kuliko wote. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996. Kuna wamemba humu ndani waliozaliwa kule, wakaolea kule, wakarudi huku na watoto ambao hawakuwa wameona Uvira hata siku moja. Kuna walioenda Bujumbura, Nairobi, Bruxelles, Marekani. Mwili wa mutu unajizoeza na mikrobe za fasi anaishi, na akihama unasahau. Kuzaliwa Fizi hakulindi tumbo la mutu aliyekaa miaka kumi na tano inchi ingine. Na mutoto wake ni mugeni kabisa, hata kama anasema Kibembe vizuri kutupita sisi.

Wala tusifikiri kwamba ni haya ya Afrika. Miaka ya 1970 wasafiri kutoka Marekani walioenda Leningrad, muji mukubwa wa Urusi wakati ule, walirudi na jiardia kwa sababu ya maji ya robine. Na mwaka wa 1993, Milwaukee, kule kule Marekani, mududu mumoja anayeitwa kriptosporidi alipita katika mitambo ya kusafisha maji ya muji na kuugulisha watu karibu 400,000. Basi wafadhili wetu wasituonee huruma sana kwa jambo hili. Mavi kuingia katika maji ni kisa cha kila muji ambao bomba zake hazilindwi.

Tuingie katika ugonjwa wenyewe. Mikrobe za tumbo haziko za aina moja, na ukitazama saa, unaanza kujua aina. Bakteria zinakuja haraka. Mutu anakula kibaya, na katika saa sita mpaka siku tatu tumbo linaanza. Katika kesi kumi za kuharisha kwa musafiri, nane ao tisa ni bakteria: ile E. koli yenye sumu, kampilobakta, shigela, salmonela. Nyingi zinaisha zenyewe kwa siku tatu mpaka saba kama mutu anakunywa vya kutosha. Virusi ni haraka pia, na inapita kwa siku mbili tatu. Lakini jiardia na amiba hazina haraka. Zinangoja juma moja, mawili, kiisha zinakaa majuma ao miezi.

Kwa hiyo mutu akishuka boti jana na kuanza kuharisha leo, musiseme "ni amiba ya kule". Na mutu aliyefika mwezi mumoja uliopita, anayejaa hewa tumboni, anacheua harufu ya yai liliooza, mavi yake yanaelea na yana mafuta, na anakonda, huyo musimwambie amekula vibaya jana. Huyo apelekwe labo, inaweza kuwa jiardia.

Kuna tena kile cha sufuria yetu ya wali. Wali uliopikwa na kukaa siku nzima kwenye joto unazaa bakteria inayotoa sumu, na ile sumu haifi hata mukipasha moto tena. Nyama iliyoguswa na mikono mingi, vile vile. Wamama walituuliza: "Lakini tulipasha moto!" Ndiyo, walipasha. Kosa halikuwa la wamama. Ni sisi komite tuliowaambia wapike usiku, juu tuliogopa wageni wakute moto haujawaka. Tangu siku ile tumeweka sheria: wageni wakichelewa, wanakuta chai ya moto na ndizi, na wapishi wanaanza kupika wakati boti inaonekana.

Sasa maji ya chumvi na sukari. Hapa tutakaa kidogo, hata kama wengine watasema munalijua.

Mwaka wa 1971 kulikuwa vita katika inchi inayoitwa leo Bangladesh. Wakimbizi wengi sana walivuka mupaka na kuingia India, na kolera ikawaingia. Katika kambi ya Bongaon kulikuwa munganga mumoja Muhindi, Dilip Mahalanabis. Seromu za kutia kwenye mishipa zilimwishia. Wagonjwa walilala chini, hakuna fasi ya kupiga magoti katikati yao. Wakati ule wanganga wengi waliamini kwamba mutu wa kolera hawezi kutibiwa kwa kunywa. Yeye akaamua kujaribu. Wakachanganya sukari, chumvi na magadi katika maji, wakajaza mapipa, na wakawaambia ndugu za wagonjwa wachote kwa kikombe na wanyweshe wao wenyewe. Mbele ya ile kazi, wagonjwa karibu 30 kwa kila 100 walikuwa wanakufa. Nyuma yake, wakashuka chini ya 4.

Tunawaomba muelewe fasi jambo lile lilifanyikia. Dawa iliyookoa mamilioni ya watoto katika dunia ilionyesha nguvu yake katika kambi ya wakimbizi, mikononi mwa wamama na wadada ambao hawakusoma unganga. Watu kama sisi.

Kazi yake ni hivi. Mutu akiharisha, utumbo unakataa kuvuta maji peke yake. Lakini kuna mulango mumoja katika utumbo ambao haufungwi na kolera: chumvi ikija pamoja na sukari, mulango unazipokea zote mbili, na maji yanazifuata. Chumvi peke yake haitoshi, sukari nyingi peke yake inaharisha zaidi. Njo maana vile vinywaji vya chupa vyenye sukari kali havifai, hata kama mutoto anavilia.

Sashe ya SRO moja inaenda katika litre moja ya maji safi. Si nusu litre "ili iwe kali". Kama sashe haiko: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onjeni: isipite chumvi ya machozi. Mutoto wa chini ya miaka miwili, kila akiharisha apewe robo mpaka nusu ya kikombe. Mwenye miaka miwili mpaka kumi, nusu mpaka kikombe kizima. Mukubwa, vile anavyotaka. Akitapika, munangoja dakika kumi, kiisha munaanza tena, kijiko kwa kijiko, polepole. Ziwa la mama linaendelea. Chakula kinaendelea. Na mutoto anapewa kinini cha zinki kila siku kwa siku kumi mpaka kumi na ine: miligramu 20, ao 10 kama hajafika miezi sita.

Ni kweli kwamba akinywa anaweza kuharisha tena. Ile haina maana kwamba dawa imemukosa. Kuharisha hakuuwi, kinachouwa ni kukauka. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mutoto amelegea ao hawezi kunywa: pale ni kwenda kwenye santa ya afya saa ile ile, hata kama ni usiku, na njiani muendelee kumunyesha. Vile vile kukiwa damu, ao homa kubwa. Na mutu mukubwa anayetoa maji meupe kama ya kuosha muchele, munajua ni nini. Kolera inaweza kumaliza mutu kwa saa chache. Huku Uvira na ngambo yote ya ziwa, kolera si mugeni. Mwezi wa tano wa 2015, ndugu zetu Warundi waliokimbilia Kagunga, ukingo wa Tanzania, waliugua zaidi ya 3000 kwa majuma machache tu, juu watu maelfu na maelfu walikaa katika kijiji kimoja kisicho na vyoo, wakingoja meli.

Sasa tufike kwa metro. Hapa tutasema kwa ukali, mutusamehe.

Mutu akisikia tumbo, anaenda famasi ya avenyu, anasema "munipe metro na cipro", anapewa vidonge sita, anameza vinne, viwili anavificha kwa kesho. Wengine humu wanafanya vile kila mwezi. Katika komite pia, hatuna haja ya kuficha. Ilimupata mumoja wetu: miaka miwili ya metro, na tumbo halikupona, mpaka munganga akamwambia kwamba mududu alikwisha kufa zamani. Nyuma ya maambukizo makali utumbo wa watu wengine unabaki mwepesi kwa miezi, unauma na kujaa hewa, na hakuna mikrobe ya kuua tena. Alikuwa anapiga fimbo nyumba yenye haina mwizi.

Metro, maana yake metronidazoli, inatibu amiba na jiardia. Haitibu shigela, haitibu E. koli, haitibu kolera, haitibu tifoide. Na hata ile amiba: chini ya mikroskopi kuna amiba mbili zinazofanana kabisa, moja inauma na ingine haifanyi kitu. Karatasi ya labo ikisema "amiba +", si kila mara kwamba njo inayokusumbua. Ile yenye kuuma inatoa mavi ya damu na kamasi, na inaweza kupita mpaka katika ini na kufanya jipu, hata miezi nyuma ya kusafiri. Mutu mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kuume, ambaye aliishi huku, amwambie munganga wa Ulaya: nilikuwa Congo. Na akitibiwa kwa metro, kuna dawa ya pili ya kumaliza mayai yaliyobaki katika utumbo, aiulize.

Kwa nini tunakuwa wakali? Wazee wanakumbuka Goma, mwezi wa saba wa 1994. Wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa siku chache, mamia ya maelfu, wakakaa juu ya mawe ya volkano fasi huwezi kuchimba choo wala kaburi. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuharisha. Kwanza ilikuwa kolera. Kiisha ikaja kuharisha damu, shigela ya aina kali kabisa, na ile shigela ilikuwa haisikii tena dawa nyingi za kawaida. Dawa zilikuwako. Mududu alikuwa amekwisha kuzizoea. Kila mara tunameza nusu ya dozi bila kupimwa, tunamufundisha mududu. Na wasafiri wanamubeba: mutu anaweza kurudi Ulaya ao Tanzania akiwa muzima, huku anabeba tumboni bakteria zilizozoea dawa, na kuzigawa jikoni kwake.

Hatusemi dawa ni mbaya. Kuharisha damu na homa kunahitaji antibiotiki, lakini ile munganga amechagua. Na loperamidi, vile vidonge vya kufunga tumbo ambavyo wageni wanakuja navyo katika sakoshi, ni vya mutu mukubwa anayetaka kumaliza safari ya basi. Hapana kumupa mutoto mudogo. Hapana kuvitumia kama kuna damu ao homa, juu vinafungia adui ndani.

Juu ya tifoide tutasema kidogo tu. Kinshasa, mwisho wa 2004 mpaka mwanzo wa 2005, zaidi ya watu 42,000 walihesabiwa na tifoide na zaidi ya 200 walikufa; mamia utumbo wao ulitoboka. Ni ugonjwa wa kweli. Lakini ile ekzame ya Widal ambayo kila labo ya kartiye inafanya inadanganya mara nyingi: inasema ndiyo kwa mutu asiye nayo. Homa ya mutu aliyesafiri ipimwe malaria kwanza, kila mara, hata kama anaharisha, juu malaria ya watoto inaharisha na kutapisha pia. Walioko Ulaya wapige chanjo ya tifoide mbele ya kuja, na wajue kwamba hailindi mutu kwa asilimia 100.

Sasa minyoo, na hapa wazee wafungue masikio.

Kuna munyoo mumoja mudogo sana, strongiloidi. Hauliwi na chakula. Unaingia kwa ngozi ya muguu usio na kiatu, fasi udongo umechafuka na mavi. Minyoo mingine inazeeka na kufa. Huu unajizaa upya ndani ya mutu yule yule, na unaweza kukaa naye miaka makumi bila kumusumbua, paka kuwashwa kidogo na tumbo la hapa na pale. Hatari inakuja siku mutu anapewa dawa za kushusha kinga ya mwili, kama deksametazoni ao prednisoloni. Hapo munyoo unazaana bila kizuizi, unatawanyika mwili muzima, na mutu anaweza kufa. Sasa munajua kile tunataka kusema, wadada. Ile "dexa" inayouzwa sokoni ili mutu anenepe ni dawa ile ile. Muiache.

Na ndugu zetu walioenda Marekani kwa njia ya HCR: mbele ya kupanda ndege wakimbizi wa Afrika walikuwa wanapewa albendazoli ya minyoo na prazikuanteli ya bilharzia. Lakini wale wa kutoka Congo, mara nyingi hawakupewa ivermektini, ambayo njo inayoua strongiloidi vizuri. Sababu ilikuwa filaria ya macho, loa loa, inayopatikana katika mapori ya inchi yetu: mutu mwenye nyingi katika damu akimeza ivermektini anaweza kuumia ubongo. Kwa hiyo wengi walifika kule bila kutibiwa strongiloidi. Hata kama mumekaa Marekani miaka kumi, muombe munganga awapime damu, zaidi kama anataka kuwapa prednisoloni kwa ajili ya pumu ao viungo. Wanganga wa kule hawazoei kuufikiria. Museme ninyi.

Bilharzia munaijua: konokono wa ziwa, ngozi ndani ya maji. Haitokani na kunywa. Mugeni anayeogelea nusu saa anaweza kuipata, na homa inakuja majuma nyuma, wakati amekwisha kurudi kwake. Wafadhili wanaokuja kututembelea na kuomba kuogelea ziwani jioni, tutawaonyesha ziwa, tutawapa mikebuka ya kukaanga. Kuogelea tunakataa.

Tunarudi kwa maji, na kwa haya zetu.

Kuchemusha kunaua vyote: bakteria, virusi, amiba, hata kriptosporidi. Maji yakibubujika dakika moja, inatosha. Ndugu wa Hauts Plateaux, juu ya mita 2000, wahesabu dakika tatu. Hakuna haja ya kumaliza makala nusu saa. Klori ni rahisi na inaua kolera na bakteria vizuri, lakini mayai ya amiba na jiardia yanaivumilia zaidi, na kriptosporidi haijali kabisa. Maji machafu yenye udongo yachujwe kwanza, kiisha klori, kiisha kungoja nusu saa. Na bidoni: yenye mudomo mwembamba, inafunikwa, hakuna kikombe wala mukono kuingia. Maji mengi yanatoka safi kwenye robine na kuchafuka nyumbani. Sabuni na maji yanapita ile jeli ya mikono ya wageni, zaidi nyuma ya choo na mbele ya kulisha mutoto.

Haya yote munaweza kuyajua na bado kushindwa, juu ya adabu. Tunaona kila kiangazi. Binti anarudi kutoka Bruxelles na watoto wawili. Mama mukwe analeta maji katika kikombe kizuri kuliko vyote. Binti anajua. Watoto wanamutazama. Akikataa, watasema amekuwa muzungu, anatuona wachafu. Anakunywa, na watoto wanakunywa. Kesho kutwa ni seromu.

Komite tuliita wamama wakubwa wa asosiasyo, tukazungumza nao siku nzima. Walifikia neno hili, na tunalileta kwenu kama shauri lao: kuanzia sasa, katika nyumba zetu, mwenye nyumba njo anayetangulia kusema. Unaweka kikombe mbele ya mugeni na kusema "haya yamechemuka". Kama hayajachemuka, unaleta chai. Mugeni asilazimishwe kuuliza. Na mugeni akiuliza, "Mama, ile maji mulichemusha?", hakuna kuchukia. Mama mumoja wa miaka karibu themanini alisema: "Mimi kunichukiza ni kumuzika mujukuu." Hatukuwa na la kuongeza.

Kinabaki kasha. Tunaomba sehemu ya feza za matanga itumike mbele ya matanga. Kila familia inayofika ipewe bidoni safi moja, chupa ya klori, sabuni, sashe kumi za SRO na vidonge vya zinki. Na memba yeyote mwenye kuharisha zaidi ya majuma mawili, ao kuharisha damu, alipiwe labo na kasha, ili asikimbilie famasi. Tunajua wengine wanasema feza za matanga ni za matanga, na kwamba mutu aliyelipa kotizo miaka kumi ana haki ya kuzikwa vizuri. Ana haki. Hatugusi fungu la wazee. Tulihesabu tu mambo ya mwezi ule wa pili: kwa bei ya sanduku lile dogo, kitambaa na chakula cha siku tatu, tungalinunua SRO na klori kwa familia zote saba, na ingalibaki.

Wafadhili wetu, mwaka jana mulituma kompyuta mbili, tunatoa aksanti. Mwaka huu, kama mutaweza, tunapendelea mitungi yenye robine na feza za labo.

Ufunguo wa depo sasa uko mikononi mwa watu watatu, na mumoja wao halali inje ya kartiye bila kuwajulisha wengine. Kura ya kasha itapigwa nyuma ya chakula. Wamemba walioko Kigoma walituma sauti zao kwa simu, katibu ameziandika. Mama wa mutoto ameomba aseme mbele ya kura, na Prezida amekubali.